Ndimu, bekingi soda au jik? Kuchagua cha kusafishia friji katika nyumba ya Lamu

Kabla hujashika kitambaa, fungua mlango wa friji, inama, unuse. Harufu ndiyo itakayokuambia uchukue chupa ipi. Wengi wetu tunakwenda kinyume: tunashika ile dawa tuliyoizoea, tunasugua mpaka vidole vinawaka, na baada ya siku mbili harufu ni ile ile. Mimi nimefanya hivyo miaka mingi, mpaka nikaelewa kuwa shombo la samaki na uchachu wa maziwa si uchafu wa namna moja. Kinachoua kimoja hakikigusi kingine. Sasa nachagua kwa pua kwanza, na kwangu hapa Lamu, ambapo friji moja hubeba nguru wa jana, tui la leo na jagi la ukwaju, jambo hili limeniokolea chakula kingi.

Shombo: siki inashinda ndimu, kwa kiasi

Samaki wa bahari ana kitu mwilini kinachomsaidia kuhimili chumvi ya maji anamoishi. Akishakufa, bakteria hukigeuza kitu hicho kuwa trimethilamini, na hiyo ndiyo shombo tunayoijua. Trimethilamini iko upande wa alkali, kwa hiyo asidi ikikutana nayo huigeuza kuwa chumvi isiyoruka hewani. Pua inakosa cha kunusa. Mama zetu walilijua hili bila kulipa jina: ukimaliza kupaa samaki, unakata ndimu, unajipaka viganjani.

Kwa hiyo friji yenye shombo inataka asidi. Swali ni asidi ipi. Ndimu tunazo, zinanukia vizuri, na kwenye ubao wa kukatia au trei ndogo iliyoshika shombo sina ninachokipenda zaidi. Lakini ndani ya friji nzima ndimu ina kasoro: ina sukari na vinyama. Usipoisuuza vyema inakauka, inanata, na kwenye pembe za droo utakuta mstari mweusi wa sisimizi siku ya pili. Siki nyeupe ya dukani ina asidi asetiki ya asilimia 5 hivi, haibadiliki sana chupa kwa chupa, haiachi mnato, na harufu yake huondoka mlango ukiachwa wazi kwa muda. Changanya kikombe kimoja cha siki na kikombe kimoja cha maji, pitisha kwa kitambaa, acha dakika 10, kisha futa kwa maji matupu.

Siki ina faida nyingine ambayo watu wa Lamu tunaihitaji kuliko wa bara. Maji ya visima vyetu yana chumvi na chokaa, na ukiosha vioo vya friji kwa maji hayo vinabaki na ukungu mweupe usiotoka kwa sabuni. Siki inauyeyusha.

Pale ambapo siki haifai: mafuta haiyawezi. Usiiache ikituama kwenye bati la alumini la friza, maana asidi hula metali hiyo polepole. Na kwenye raba ya mlango usiizoeshe. Maji ya vuguvugu na sabuni yanatosha pale.

Uchachu: hapa ndipo pa bekingi soda

Maziwa yaliyomwagika chini ya droo, mtindi, siagi iliyokaa wazi, tui la nazi lililosahauliwa tangu Ijumaa. Hivi vikiharibika vinatoa asidi za mafuta, na ukivipaka siki unaongeza asidi juu ya asidi. Bekingi soda ni alkali dhaifu, basi inazituliza. Kipimo ni vijiko viwili vya mezani kwa lita moja ya maji ya vuguvugu. Haikwaruzi plastiki, haina harufu yake, na ukiikosea kipimo haidhuru mtu, ila itaacha vumbi jeupe la kufutwa tena.

Nitasisitiza mambo mawili ya dukani, kwa sababu nimeona watu wakiyakosea. Bekingi pauda siyo bekingi soda. Pauda imechanganywa na wanga na asidi yake yenyewe, na ukiitia maji inatokota, kisha inabaki uji unaoganda kwenye mifereji ya mlango. Na magadi yale ya mawe tunayotilia kunde ziive upesi ni makali zaidi kuliko bekingi soda. Yanachoma ngozi na yanaweza kupausha alumini. Yaache kwenye kunde.

Tui linataka maneno yake peke yake. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Huku kwetu, juu ya meza ya jikoni, ni maji. Ndani ya friji ni kama nta. Ndiyo maana unaweza kupitisha soda au siki baridi juu ya tui lililomwagika mara tano, ukaona pamesafika, na kumbe utando umebaki pale unaendelea kuchacha. Anza na maji ya moto kiasi na sabuni ya vyombo, utando ulainike na kutoka, ndipo soda ifuate kuondoa harufu. Ila usikitoe kioo cha rafu kikiwa baridi ukakimwagia maji ya moto, kinapasuka. Kiweke mezani kipate joto la chumba kwanza.

Damu ya nyama ni kinyume cha tui. Maji ya moto huigandisha na kuishikisha. Damu huoshwa kwa maji baridi, halafu sabuni.

Na ule mtindo wa kumwaga siki juu ya bekingi soda ili itoke povu? Sioni faida yake. Povu lile ni kaboni dayoksaidi inatoroka. Ikiisha umebaki na maji yenye chumvi kidogo, siki imeua soda na soda imeua siki. Umetumia dawa mbili ukapata karibu maji. Zitumie zote mbili ukitaka, lakini kila moja kwa zamu yake na kwa uchafu wake.

Jik: kwa siku ya msiba tu

Kuna mwaka tulikwenda arusini Mombasa, tukakaa siku tano. Umeme ulikatika nyuma yetu, ukakaa muda, ukarudi. Tulipofungua friza kila kitu kilikuwa kimeganda vizuri, na laiti si maji mekundu yaliyoganda sakafuni mwa droo, tungepika kamba walioyeyuka na kuganda tena. Tangu siku hiyo nina kikombe cha maji yaliyoganda ndani ya friza, na juu ya barafu yake nimeweka sarafu. Nikirudi safari nikaikuta sarafu imezama, najua kilichotokea hata kama barafu imejiunda upya. (Umeme ukikatika na wewe uko nyumbani, usifungue mlango: sehemu ya friji hushika ubaridi saa 4 hivi, na friza iliyojaa karibu saa 48.)

Friji iliyoozewa nyama au samaki, au iliyoota kuvu jeusi kwenye mikunjo ya raba msimu wa masika, haitoshelezwi na siki wala soda. Hapa jik, ile dawa ya klorini ya kupaushia nguo, ina haki yake. Lakini watu wanaitumia kupita kiasi, wakiamini ikichoma pua ndiyo inafanya kazi. Kijiko kimoja cha mezani katika lita 4 za maji kinatosha. Kwanza osha kwa sabuni, kwa sababu uchafu hula klorini kabla haijafika kwa vijidudu. Kisha paka, subiri dakika 10, futa kwa maji matupu, acha mlango wazi mpaka pakauke kabisa. Chupa uihifadhi mahali pa baridi na kivuli. Joto na mwanga huidhoofisha, na jik iliyokaa kwenye dirisha la jikoni mwaka mzima huenda ikawa haina nguvu tena.

Kwa nini nisiitumie kila wiki? Inaanzisha kutu ndogo ndogo kwenye metali, hata ile isiyoshika kutu kwa urahisi, na bahari yetu tayari inafanya kazi hiyo bila kuombwa. Inakausha raba ikawa ngumu. Na kubwa kuliko yote: jik ikikutana na siki au ndimu hutoa gesi ya klorini, na ikikutana na dawa za vioo zenye amonia hutoa gesi nyingine ya sumu. Jikoni zetu nyingi za mji wa kale ni ndogo, zenye kuta nene na kidirisha kimoja. Siku ya jik ni ya jik peke yake. Siki isubiri siku nyingine.

Barafu ya friza: kisu, bakuli au subira

Ami yangu alitoboa friza kwa kisu cha jikoni. Ilitoa mlio mwembamba wa pumzi, na friji ile haikupoa tena. Kwenye friji za kawaida, zile zinazoganda barafu, kuta za friza zenyewe ndizo mabomba ya gesi, yamepitishwa ndani ya bati jembamba la alumini. Ncha ya kisu haihitaji nguvu nyingi. Friji nyingi za sasa hutumia gesi ya R600a, ambayo inawaka. Ikitokea umetoboa, usiwashe kiberiti wala swichi, fungua madirisha, toka nje.

Hivyo kisu hakimo katika ulinganisho huu. Kilichobaki ni bakuli la maji ya moto au kuacha tu. Bakuli, lililowekwa juu ya taulo ndani ya friza huku mlango umefungwa, linaharakisha. Unalibadilisha kila robo saa na vipande vinaachia vyenyewe. Ni njia nzuri kama samaki wako wanangoja ndani ya ndoo. Lakini kwa joto letu, hasa wakati wa kaskazi, friza iliyoachwa wazi na feni ikaelekezwa kwake inayeyuka ndani ya saa chache bila mtu kuigusa. Mimi napenda subira. Ninachagua siku ambayo umeme umetangazwa kukatwa kwa matengenezo, au siku kabla ya vunja jungu, kabla friza haijajazwa sambusa za mwezi mzima wa Ramadhani. Mashine ya kukaushia nywele sitaki hata kuisikia karibu na maji yanayotiririka.

Usingoje barafu iwe nene kama mkono. Ikifika milimita 6 tayari inaizuia friza kupoza, kwa sababu barafu ni blanketi: mota inafanya kazi zaidi na chakula kinapoa kidogo.

Nyuma ya friji, ambako ndiko friji hufia

Nimesema sana habari za ndani, lakini nikiambiwa nichague saa moja tu ya kazi kwa mwaka, nitaisogeza friji na kusafisha nyuma. Friji haitengenezi baridi. Inatoa joto ndani na kulitupa nje, kupitia zile waya nyeusi za mgongoni. Waya zikivikwa vumbi, joto halitoki, mota haipumziki, na bili ya umeme inapanda huku maziwa yanachacha. Kwetu vumbi lina wenzake: mchanga wa vichochoroni, manyoya ya paka, ambao wanapenda kulala pale kwa ule uvuguvugu, na chumvi ya upepo wa bahari.

Chumvi ndiyo inayobadilisha hesabu. Brashi kavu, ya rangi au ya chupa, inatoa vumbi na manyoya vizuri sana, na nyumba ya mbali na bahari haihitaji zaidi. Lakini chumvi haitoki kwa brashi. Inabaki juu ya chuma, inavuta unyevu wa hewa usiku, na kutu inaanza chini ya rangi, hasa pale bomba la shaba linapoungana na alumini. Kwa hiyo sisi tunahitaji hatua ya pili: chomoa plagi, piga brashi, kisha pitisha kitambaa kilicholowa kidogo maji matamu, ya mvua au ya kunywa, si ya kisima cha chumvi, halafu kavu juu yake. Usitumie siki hapa, wala jik. Nyumba za ndani Mkomani, zilizokingwa na kuta, miezi mitatu mitatu inatosha. Nyumba inayotazama bahari, ifanye kila mwezi.

Kama friji yako haina waya nyuma, usidhani imesamehewa. Mabomba yamefichwa ndani ya kuta za ubavuni, ndiyo maana ubavu unapata joto ukiugusa. Hiyo haina cha kupiga brashi, bali inataka nafasi: iache kiasi cha upana wa kiganja kila upande. Kuichomeka ndani ya daka kwa sababu imeingia vizuri ni kuifunga pumzi.

Ukiwa huko nyuma, angalia trei ndogo juu ya mota. Maji ya barafu hupita kwenye tundu la ndani ya friji na kushukia hapo. Tundu likiziba, maji yanatuama chini ya droo za mboga, na hapo ndipo penye harufu ambayo watu huitafuta kwenye rafu wasiipate. Bomba la sindano lisilo na sindano, lenye maji ya vuguvugu, huzibua vizuri kuliko waya, waya hutoboa.

Raba ya mlango ipime kwa noti: ifungie noti mlangoni, kisha ivute. Ikitoka bila kushikwa, raba imelegea au ina uchafu. Ioshe kwanza kwa mswaki laini na sabuni, ndani ya kila mkunjo, kabla hujaagiza mpya. Nusu ya raba nilizoambiwa zimekufa zilikuwa zimejaa makombo ya mkate tu.

Nofrosti au ya kuganda, kwa atakayenunua

Nofrosti haikuombi kuyeyusha barafu. Ina feni na hita inayojiyeyushia yenyewe. Ya kuganda inakupa kazi kila baada ya wiki kadhaa, maana unyevu wa hewa yetu huingia kila mlango unapofunguliwa, na ikikaribia magharibi mwezi wa Ramadhani mlango haufungwi. Kwa usafi wa kila siku, nofrosti inashinda wazi.

Hata hivyo, kwa nyumba ya Lamu mimi naelekeza kwenye ile ya kuganda. Ina vitu vichache vya kuharibika. Umeme unaoyumba huunguza mbao za kielektroniki, na vipuri vingi vinangojwa kutoka Mombasa wakati samaki hawangoji. Aliye Malindi, penye barabara mpaka mlangoni na fundi anayefika kwa pikipiki, anaweza kuhesabu tofauti. Yoyote utakayochukua, iwekee kilinda umeme kinachochelewesha kuwaka kwa dakika chache baada ya umeme kurudi. Na ikishavuka kutoka Mokowe, upande wa bara, kwa mashua na kufika kwako kwa mkokoteni, isiwashwe papo hapo. Iache imesimama saa kadhaa, na kama ililazwa njiani, mpaka kesho yake, ili mafuta ya mota yarudi mahali pake.

Ile namba ya themostati, kwa njia, si nyuzi. Ukizungusha kwenye 5 hujaiweka nyuzi 5. Umeiambia ipoze zaidi tu. Kipimajoto kidogo ndani ya glasi ya maji ndicho cha kuaminika: friji iwe nyuzi 4 au chini, friza 18 chini ya sifuri.

Cha kuacha ndani baada ya kusafisha

Wapo wanaoweka kahawa, wapo wa bekingi soda kwenye kisahani, wapo wa makaa. Kahawa inafunika harufu kwa harufu, na siagi na tui huivuta. Utakula mkate wenye ladha ya kahawa. Soda kwenye kisahani inafanya kazi ya juu yake tu, kwa hiyo ukiitumia itandaze kwenye sahani pana. Makaa ya kawaida hayana nguvu kama yale yanayotengenezwa kwa vichujio vya maji, lakini yana matundu mengi madogo yanayoshika harufu, nayo ni rahisi kupatikana. Mimi naweka vipande vitano kwenye bakuli rafu ya juu, nyuma. Mwezi ukiisha naviweka vipya, na vile vya zamani vinarudi jikoni kupikia mahamri.